Kiganja Kisicho na Muhuri

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya Sukari,
Chumba cha tatu, mlango wenye pazia la kijani.

KUHUSU: KARATASI YA CHAKULA ULIYONIPA, NA YALIYONIKUTA NAYO SAFARINI

Ndugu Muuguzi Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na miwani yako iko puani wala si juu ya kichwa, kama siku ile ulipoitafuta katika droo zote tatu, nami nikaona si adabu mgonjwa kumwambia muuguzi miwani yake iko wapi. Mimi pia ni mzima kiasi. Hicho kiasi ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mimi ni yule mkaguzi wa mizani uliyempima sukari wiki nne zilizopita, ukaitazama mashine, ukanitazama mimi, kisha ukaitazama tena mashine kana kwamba mmoja wetu anasema uongo. Ukanipa karatasi ya chakula. Nilipokueleza kwamba keshokutwa yake naanza safari ya kikazi ya siku ishirini na moja katika miji minne, ulinijibu bila kuinua kichwa: "Baba, sukari haiendi likizo."

Nilicheka kwa heshima. Leo nimerudi, na sicheki. Jumatatu nakuja kupimwa, nawe uliahidi kwamba kama namba haikushuka utanianzishia sindano. Kabla hujaifungua hiyo sindano, naomba usome malalamiko yangu, ambayo nimeyapanga kwa namba kama ofisi yoyote inayojiheshimu inavyotaka.

1. Karatasi yako haina vipimo halali

Naanza na hili kwa sababu ni la kitaalamu na halina chuki ndani yake. Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kuingia katika duka la mtu, kuweka mawe yangu ya shaba juu ya mizani yake, na kutamka mbele ya wateja wake kama kilo yake ni kilo au ni hadithi. Iliyo sawa naipiga muhuri. Iliyo kombo naichukua.

Sasa nafungua karatasi yako, nasoma: nyama, kiganja kimoja. Wali, ngumi moja. Mafuta, ncha ya kidole gumba. Muuguzi, kiganja cha nani? Ngumi ya nani, na imefumbwa kwa hasira au kwa amani? Mwenye duka akiniambia anauza unga kwa ngumi, namfungia duka kabla hajaifumbua hiyo ngumi. Nawe ni mtu wa serikali kama mimi, umesoma, una muhuri wako mwenyewe hapo mezani, lakini unataka maisha yangu yaendeshwe kwa kipimo ambacho hakijakaguliwa na mtu yeyote tangu kuumbwa kwa mkono.

2. Chakula cha kufungashiwa

Siku ya kuondoka mke wangu aliamka kabla ya jua akanifungashia kama ulivyoagiza: mayai kumi na mawili ya kuchemsha, matango, karoti, maharage yasiyo na mafuta, na machungwa sita. Chakula cha siku mbili, alisema, na akakifunga kwenye makopo matatu yenye vifuniko vya rangi tofauti ili nisijichanganye.

Dereva wangu tunamwita Taratibu, kwa kuwa huendesha gari kama mtu aliyebeba mayai. Siku hiyo alikuwa ameyabeba kweli. Safari ya saa tatu ikawa ya saa sita, na gari letu la ofisi kipoza hewa chake kilikufa zamani. Nilitoa karatasi yako nikaisoma, nikakuta sentensi ya mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, inasema chakula kilichokaa kwenye joto kisiliwe. Nikamtazama Taratibu, nikatazama makopo, nikaona hatari iliyokuwa mbele yetu.

Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeyamaliza yote matatu. Taratibu aliniuliza kama chakula kile hakikuwa cha siku mbili. Nilimweleza kwamba kilikuwa cha siku mbili penye kivuli, lakini juani hesabu hubadilika. Yeye nilimpa mayai mawili kwa ajili ya usalama barabarani. Kwa hiyo, Muuguzi, tulipoingia mji wa kwanza saa saba mchana, mimi nilikuwa nimetii karatasi yako kwa siku mbili nzima, na sikuwa na kitu cha kula.

3. Bibi Ongeza, na mkono wa Koleo

Nyumba ya wageni ya mji ule inaendeshwa na mama mmoja mtu mzima ambaye wasafiri wote humwita Bibi Ongeza. Jina hilo hakulitafuta, lilimjia lenyewe. Ana vyumba vinane, mapazia ya maua, na jiko ambalo mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye kiti cha mgeni. Nilipoketi alinikabidhi kijiko kabla sijavua kofia.

Sikuficha. Nilitoa karatasi yako, nikamwomba aisome. Akafuta mikono, akaisoma yote mbele na nyuma, na kule nyuma hakuna kitu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "Huyu muuguzi ana mume?"

Nikamwambia sijui, lakini ana digrii. Akatikisa kichwa. Hata hivyo ni mwanamke wa haki, na akaahidi kuifuata karatasi neno kwa neno. Karatasi inasema nusu ya sahani iwe mboga za majani. Bibi Ongeza akatazama sahani zake akaona kwamba mboga za mtu mzima zinazotosha hazienei katika nusu ya sahani. Akaleta sinia. Nusu ya sinia akajaza mboga, kwa uaminifu kabisa, na nusu nyingine ikabidi nayo ijazwe, kwa sababu sinia lenye upande mmoja mtupu halikai sawa mezani. Mimi ni mtu wa mizani, siwezi kupinga hoja ya uzani. Nusu ilibaki nusu kwa siku tano mfululizo.

Ilibaki shida ya kiganja. Mchana wa pili tulikuwa tunakagua ghala la nafaka, na pale nikamwona mpagazi mmoja wanayemwita Koleo. Muuguzi, sijawahi kuona mikono kama ile. Akishika gunia, gunia linaonekana kama mtoto aliyebebwa na baba yake. Kwa kuwa wewe hukutaja mwenye kiganja, na sheria inaniruhusu kuteua kipimo cha rejea pale kisipokuwepo, nilimteua yeye. Kila mchana alikuja kwa Bibi Ongeza, akanyoosha mkono juu ya sinia, nami nikachukua nyama iliyolingana nao. Wali tukaupima kwa ngumi yake. Mafuta kwa kidole gumba chake, ambacho Taratibu alidhani ni mkono wa mlango. Sikuongeza hata uzi mmoja wa nyama nje ya kiganja. Niandikie basi, kwa maneno yako mwenyewe, ni wapi nilipokosea.

4. Lalamiko hili lilihusu mke wangu na idadi ya karoti

Amelisoma. Limeondolewa.

5. Uadilifu wa kazi unavyonenepesha

Mji wa pili ndio ulionionyesha kwamba karatasi yako inapigana na maadili ya utumishi. Kuna bucha pale karibu na kituo, safi, vigae vyeupe, visu vimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule. Niliweka jiwe langu la kilo moja, mshale ukasoma kilo moja na gramu themanini. Nikageuza sahani ya mizani, nikakuta kipande cha risasi kimegandishwa chini yake kwa gundi, kikiwa kimekaa kama kupe. Mwenye bucha akasema hakijui. Nikamwambia mimi nakijua. Nikaichukua mizani, nikaandika taarifa, nikamwita aweke sahihi.

Mtu huyo hakugombana. Aliweka sahihi, akavua aproni, akasema kazi imekwisha na sasa mimi ni mgeni wake. Nyuma ya bucha kulikuwa na jiko la mkaa, na juu ya jiko kulikuwa na mguu mzima wa mbuzi ambao, kwa maelezo yake, ulikuwa umeanza kuiva kabla hata ya kesi.

Hapo ndipo naomba ufikiri pamoja nami. Nikikataa, atasema nilikuja na chuki tangu nyumbani, na taarifa yangu itaonekana ya kisasi. Nikila wote, atasema nimehongwa. Haki ilikuwa katikati. Nilikula nusu. Na ujue kwamba ile taarifa sikuibadilisha hata nukta. Ninayo hapa, ina alama ya kidole changu ya mafuta kwenye neno "kosa", na mkurugenzi wangu ameuliza kama ni muhuri mpya.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mwoka mikate. Wewe ni mtu wa hospitali, huenda hujui kwamba mkate ukitoka tanurini ukiwa moto una uzito mmoja, na ukipoa una mwingine. Anayekagua kwa haki lazima asubiri upoe. Nilisubiri saa mbili, nimekaa kwenye kopo la siagi lililogeuzwa, nimezungukwa na mikate mia moja na arobaini inayotoa mvuke. Nimewahi kutishwa na wenye maduka, nimewahi kufukuzwa na mbwa wa ghala, lakini sijawahi kujaribiwa namna ile. Mwoka mikate aliniona ninavyomeza mate, akanikatia ncha ya mkate na kunipakia siagi, akasema ncha haihesabiwi. Nikakubali kwamba ncha haihesabiwi. Kila mkate, Muuguzi, una ncha mbili.

6. Mji wa tatu

Hapa nitaandika polepole.

Tulipofika palikuwa na semina ya wafanyabiashara, na mimi ndiye mgeni mwalikwa, mada yangu ikiwa "Kipimo Kamili, Jamii Kamili". Ratiba ilikuwa na chai saa nne, chakula saa saba, na chai saa kumi, na katikati ya chai na chai palikuwa na nafasi kidogo ya kusema neno. Ilipofika saa nne mwenyekiti alitangaza kwamba hakuna atakayegusa chakula kabla ya mgeni. Watu mia moja na ishirini wakasimama na sahani tupu wakinitazama. Wengine walikuwa wazee. Mama mmoja alikuwa mjamzito. Ningewezaje kusimama pale na glasi ya maji, huku jamii kamili inazimia kwa njaa kwa sababu ya karatasi yangu? Nikachukua keki. Ukumbi ukapumua. Saa saba ikawa vilevile, na saa kumi vilevile. Mada yangu niliitoa nikiwa na kipande cha keki mkononi, na walionisikiliza walisema ilikuwa na ladha.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kwenye kinu cha nafaka. Mwenye kinu ni mama mjane wa makamo, mkimya, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la unga. Ana mizani ya jukwaa, ile kubwa ya kusimamishia magunia, yenye uso wa saa na mshale mrefu mweusi. Niliipima kwa mawe yangu yote, pembe zote nne. Ilikuwa sawasawa. Nikapiga muhuri, nikafunga lakiri nyekundu, nikamwambia kwamba katika safari nzima hiyo ndiyo mizani ya kwanza niliyoikuta haina kasoro hata ya punje. Akashukuru.

Nikainama kukusanya mawe, na dunia ikaondoka. Kiu ilikuwa imenishika tangu alfajiri, macho yalikuwa yanaona kila kitu kwa ukungu, nikadhani ni unga. Nilichokiona karibu nikakikalia, na kilichokuwa karibu kilikuwa ni jukwaa la mizani.

Mshale uliruka ukapita namba kadhaa, ukarudi, ukasimama. Wapagazi wanne walikuwepo, na Taratibu, na wanawake waliokuja kusaga. Mmoja akasoma kwa sauti, kwa mazoea ya kazi tu wala si kwa ubaya: kilo mia moja na saba. Kwako, Muuguzi, niliondoka na kilo mia moja na mbili.

Mwenye kinu akawaambia watu watoke. Akaleta maji kwenye kikombe cha bati, akachuchumaa mbele yangu mpaka nikayamaliza, akajaza tena. Akaniuliza kama ni sukari, nikasema ndiyo. Akasema marehemu mume wake naye alikuwa nayo, na alikuwa mtu wa utani kama mimi, hakuna daktari aliyewahi kumshinda kwa maneno. Kisha akaelekeza kidole kwenye ule uso wa saa.

"Mkaguzi, mizani yangu umeikuta sawa?"

"Iko sawa, mama."

"Umeipigia muhuri wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi iamini."

Miaka ishirini na sita, Muuguzi, kila mtu niliyempima alikuwa na la kusema. Upepo umeisukuma. Sakafu imepinda. Mawe yako ndiyo mazito. Nilifungua mdomo nitafute la kwangu, na lakiri nyekundu ilikuwa bado haijakauka.

Nilipopata nguvu niliingia kwenye gari nikampigia simu kaka yangu. Unamjua, faili lake liko kwako. Ndiye yule aliyekuwa akisafirisha vitabu vya shule nchi nzima, na sasa ana mguu mmoja na fimbo mbili. Nilimsimulia yote kuanzia Bibi Ongeza mpaka mgeni mwalikwa. Alicheka sana, hasa kwenye mkono wa Koleo, mpaka nikasikia shemeji yangu akimwuliza kulikoni. Halafu akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikuwa na sababu nzuri kuliko hizo."

Maneno hayo sikuyaelewa vizuri, kwa hiyo sitayaingiza katika ushahidi. Lakini jioni ile sikula.

7. Ulaji bora ni hatari kwa uchumi

Nilikata shauri kwamba katika mji wa nne nitaifuata karatasi kwa kiganja changu mwenyewe, nione mwisho wake. Nakuandikia mwisho wake.

Hotelini niliomba mboga zilizochemshwa, kipande cha samaki kisichokaangwa, na maji. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nikasema sijafiwa. Akaniuliza kama mtu wake yeyote amenikosea. Nikasema hapana. Akarudi jikoni, na kupitia dirisha la kupitishia sahani nikamwona amekaa, amejishika shavu.

Asubuhi nikaenda soko kuu. Wauza nyanya waliniita kwa chai, nikakataa. Wauza nguo wakanikaribisha mkate wa siagi, nikakataa. Nikakaa kwenye ngazi za soko nikatoa tango langu, nikalikata kwa kisu cha mfukoni, nikalila peke yangu kimyakimya. Sikujua kwamba mkaguzi anayekula tango ngazini ni kitu cha kutisha hivyo. Habari zikatembea kutoka meza hadi meza: amekuja mkaguzi asiyekula. Nilimsikia mzee mmoja wa viazi akimwambia jirani yake kwamba mtu anayekula hukusikiliza, ila huyu hana hata pa kuanzia. Ilipofika adhuhuri nusu ya meza zilikuwa zimefunikwa maturubai, na mizani nilizokuja kuzipima zimekwenda kusikojulikana. Mji mzima ulikosa vitunguu siku ile kwa sababu ya tango moja.

Sasa jumlisha mwenyewe. Mkaguzi akila, anakufa mkaguzi. Asipokula, linakufa soko. Hakuna taifa linaloweza kuendelea namna hiyo, wala sitaki jina langu liandikwe mahali popote kama chanzo.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo.

Kwanza, umwandikie mkurugenzi wangu, kwenye karatasi yenye nembo ya kliniki, kwamba hali yangu hairuhusu tena safari za kikazi. Kwamba haiwezekani, kitabibu, binadamu kula vizuri akiwa nje ya nyumba yake. Na kwamba nipewe meza ofisini, karibu na dirisha kama ipo. Sema kwa ukali. Yeye hababaishwi na upole.

Pili, uweke kiganja chako juu ya karatasi, ukizungushie kalamu, ukipige muhuri, unipe nakala. Nitakitunza pamoja na mawe yangu ya shaba.

Tatu, mashine yenu ya kupimia sukari ikaguliwe kabla ya Jumatatu. Simaanishi lolote. Nauliza tu ni lini ilikaguliwa mara ya mwisho, na nani.

Nne, sindano isubiri majibu ya hayo matatu.

Nisalimie daktari. Nisalimie karani wa mapokezi, mwambie faili langu lisiwekwe tena chini ya kopo la maua, maji yanadondoka kwenye jina. Wasalimie wagonjwa wenzangu wa benchi la Jumatatu, hasa yule babu anayeficha peremende kwenye mfuko wa shati akidhani hatuzisikii zinavyolia. Mke wangu anakusalimu sana na anasema anakuombea. Hakusema kwa ajili ya nini.

Wako katika uzito wote,

Mkaguzi Mwandamizi wa Mizani na Vipimo,
mgonjwa wako wa Jumatatu.

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuigundisha, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Mkurugenzi ameniita mchana huu. Kumbe mke wangu alimwandikia barua yake mwenyewe tangu wiki iliyopita, fupi, bila namba, na amemkubalia: kuanzia tarehe mosi sisafiri tena. Meza nimeonyeshwa. Iko karibu na dirisha. Dirisha linatazama ukuta wa kabati la mafaili, na kabati hilo lina mizani moja mbovu ya mwaka niliozaliwa, ambayo haimhusu mtu yeyote. Nilikaa pale kwa dakika ishirini kuijaribu. Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyeniogopa, wala aliyenikaribisha.

Kwa hiyo naomba ile barua uiandike, lakini kinyume. Mwambie mkurugenzi kwamba safari ni dawa. Mwambie mtu akitaka kula vizuri njiani anaweza, na mimi ni shahidi: siku sita za mji wa nne nilikula kama karatasi inavyosema, asubuhi, mchana na jioni, na hakuna aliyenizuia. Yule mpishi siku ya pili alikuwa akinichagulia samaki mwenyewe, na siku ya tatu akawa anakula nami mboga zile zile, akasema tumbo lake limetulia. Soko lilifungwa kwa sababu ilikuwa siku ya usafi wa mwezi. Kesho yake walikuwepo wote na mizani zao, na wauza nyanya waliniletea tango bila kuulizwa. Mashine yenu haina tatizo, msiihangaishe. Na jana jioni nilipanda mizani ya ofisi yangu, ile niliyoipiga muhuri mwenyewe, ikasoma mia moja na nne. Niliiamini hapo hapo.

Kwa kuwa najua una kazi nyingi, hiyo barua ya mkurugenzi nimekuandikia kabisa, imo humu ndani kwenye bahasha. Wewe piga muhuri tu. Usijisumbue kuikagua.